Nauli Kabla ya Rambirambi





Tunaanza na habari ya msiba. Hatutaji jina la marehemu wala la kigango chake, kwa sababu kila msomaji ataweza kujaza majina anayoyafahamu mwenyewe. Alikuwa mjane, mama wa watoto watano, na kwa miaka mingi mhazini wa WAWATA kigangoni. Alianza kutokwa na damu ingawa hedhi yake ilikuwa imekwisha kukoma siku nyingi. Alinyamaza, kwa kuwa aliona haya. Aliposema, zahanati ilimpa vidonge. Aliporudi, ilimpa vidonge vingine. Mwaka ukapita. Hospitali ya mkoa ilipompima hatimaye, aliambiwa kwamba ana saratani ya mlango wa kizazi, kwamba tiba inayomfaa ni ya mionzi, na kwamba tiba hiyo iko Dar es Salaam. Alipewa barua ya rufaa. Barua ile aliiweka ndani ya kitabu chake cha sala, akarudi nyumbani kungoja mavuno ili auze mahindi apate nauli. Mahindi yalipokauka shambani, yeye alikuwa hawezi tena kuinuka kitandani.

Siku ya mazishi rambirambi zilisomwa hadharani, kama ilivyo desturi yetu. Jumuiya yake ilitoa, WAWATA walitoa, kwaya ilitoa, na ndugu walioko mijini walituma. Jumla iliyosomwa ingetosha kumpeleka Dar es Salaam, yeye na wa kumsindikiza, kwenda na kurudi, mara nne. Kisha msemaji wa familia akatamka kwamba kazi ya Mungu haina makosa, nasi sote tukaitikia.

Kijitabu hiki kimeandikwa ili kuyapinga maneno hayo, kila yanapotumiwa kufunika makosa ya wanadamu. Kazi ya Mungu haina makosa. Kazi yetu inayo. Fedha ya kumwokoa mama yule ilikuwamo mifukoni mwetu siku zote. Tulikuwa tunangoja afe ndipo tuitoe.

I. TUONE

Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani walikadiria kwamba katika mwaka 2022 Watanzania zaidi ya 40,000 waligundulika au kupatwa na saratani za aina mbalimbali. Kati yao, zaidi ya 10,000 walikuwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi, na waliokufa kwa saratani hiyo katika mwaka huo mmoja walizidi 6,000. Hakuna saratani nyingine inayowaua wanawake wengi kuliko hiyo katika nchi yetu.

Linalotukera katika jambo hili ni kwamba saratani hii ni miongoni mwa zile ambazo binadamu amekwisha kujua namna ya kuzizuia. Husababishwa na kirusi kiitwacho papiloma, ambacho karibu kila mtu mwenye ndoa au mwenye kujamiiana hukutana nacho wakati fulani wa maisha yake. Mara nyingi mwili hukishinda wenyewe. Kisiposhindwa, hukaa kimya na kuharibu ngozi laini ya mlango wa kizazi polepole, kwa miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofishwa na virusi vya UKIMWI, muda huo huweza kuwa miaka mitano hadi 10 tu, na hatari yake ya kupata saratani hii ni mara sita ya ile ya mwanamke mwingine.

Miaka 15, ndugu zangu! Ugonjwa huu hauvamii usiku kama mwizi. Hubisha hodi kwa miaka mingi. Wala kuugundua mapema hakuhitaji mashine kubwa. Muuguzi aliyefunzwa huhitaji kitanda, taa, kifaa cha kumwezesha kuona mlango wa kizazi, glavu, na asidi hafifu ya siki, jamii ya ile inayotiwa kwenye kachumbari. Akipaka siki hiyo, sehemu iliyoanza kuharibika hugeuka nyeupe. Akiiona, na ikiwa bado haijawa saratani, mara nyingi aweza kuitibu siku hiyo hiyo kwa baridi kali au kwa joto, na mama akarudi nyumbani jioni kupika. Kipo pia kipimo kipya zaidi kinachokitafuta kirusi chenyewe. Na ipo chanjo: nchi yetu ilianza kuitoa kwa majaribio mkoani Kilimanjaro mwaka 2014, ikaieneza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikaitoa kwa dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Kwa hiyo swali letu ni hili: ikiwa maarifa yapo, na siki ipo, na chanjo ipo, kwa nini walio wengi kati ya wanaofika hospitali kubwa za saratani hufika wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne, ambapo daktari hana mengi ya kuwafanyia?

Jibu linalopendwa na wakubwa ni kwamba wanawake wetu wa vijijini hawana elimu, wanapuuza afya zao, wanakimbilia kwa waganga. Jibu hilo ni rahisi kwa sababu linamtwika mgonjwa kosa. Hebu tukumbuke mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge huko Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alipotangaza kwamba kikombe chake cha dawa huponya maradhi sugu, saratani ikiwemo. Watu walikwenda kwa maelfu kwa maelfu. Walipanda malori, walilala njiani siku kadhaa, walikopa, waliuza mbuzi. Hatuandiki haya ili kukisifu kikombe kile. Walikuwapo waliokunywa na kuacha dawa zao, nao wakaangamia. Tunayaandika kwa sababu yanaukanusha uongo. Watu wanaosafiri namna ile si watu wasiojali afya zao. Walikwenda kwa kuwa waliitwa, kwa kuwa bei ilijulikana tangu nyumbani, nayo ilikuwa shilingi 500, na kwa kuwa hakuna aliyewaambia warudi kesho na karatasi nyingine. Ni zahanati zetu ngapi zinazomwita mgonjwa namna hiyo?

Sasa tuwaangalie wale wenye moyo wa huruma, maana wapo, na Mungu awabariki. Mwaka 1987 madaktari wanawake wa nchi hii waliunda chama chao, MEWATA. Mwaka 2005 chama hicho kilianza kampeni ya kuwapima wanawake saratani ya matiti jijini Dar es Salaam, kisha kikaenda mikoani. Wanawake walijitokeza kwa wingi, na kwa mara ya kwanza neno "saratani" lilisemwa kwa sauti mahali ambapo lilikuwa likinong'onwa. Baada yao vimefuata vyama na mifuko mingine yenye nia hiyo hiyo. Mpango wa karibu kila mmoja wao una nguzo tatu: kuelimisha, kupima, na kutoa rufaa. Ni mpango mwema. Lakini tuutazame kwa macho ya yule mjane wetu.

Elimu aliipata, alijua jina la ugonjwa wake. Kupimwa alipimwa, ingawa kwa kuchelewa. Rufaa alipewa, tena ina mhuri. Nguzo zote tatu zilisimama, na nyumba ikamwangukia. Mpango wowote wa kupunguza mzigo wa saratani ambao unaishia kwenye rufaa huishia pale pale ambapo mzigo wa maskini unaanza.

Tuuhesabu mzigo huo. Kwa miaka mingi Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyofanywa taasisi ya kujitegemea kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, ilikuwa peke yake katika kutoa tiba ya mionzi katika hospitali za umma nchini. Leo hospitali ya Bugando ya Mwanza, iliyo chini ya Baraza la Maaskofu, nayo hutoa tiba hiyo, na KCMC ya Moshi ilifungua kituo chake cha saratani mwaka 2016. Tunashukuru. Lakini mama wa Songea bado ana zaidi ya kilomita 900 mbele yake, na mama wa Sumbawanga ana zaidi. Na akifika, hachomwi sindano akarudi. Mionzi ya nje kwa saratani hii hutolewa siku tano kwa juma, kwa majuma matano hivi, kisha hufuata mionzi ya ndani. Kwa hiyo anahitaji nauli ya watu wawili, mahali pa kulala kwa mwezi na zaidi, chakula cha kila siku, na mtu wa kubaki na watoto, huku shamba lake likiota magugu.

Mtaambiwa kwamba saratani imesamehewa malipo. Ni kweli kwamba tangu uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanzishwa katika hospitali za serikali mwaka 1993, sera imewaweka wagonjwa wa saratani miongoni mwa wanaostahili msamaha. Lakini msamaha wa malipo haulipi nauli. Haulipi chumba. Haununui unga. Kumwambia mama wa Sumbawanga kwamba tiba ni bure Dar es Salaam ni sawa na kumwambia mwenye kiu kwamba maji ya ziwa hayauzwi.

II. TUAMUE

Tukiwa tumeona, tuhukumu kwa mwanga wa Injili.

Mwinjili Marko, katika sura ya tano, anatusimulia juu ya mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Anasema wazi jambo ambalo sisi hupenda kulipita haraka: kwamba mama huyo alikuwa amekwisha kuitumia mali yake yote kwa waganga, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Huyo ni mama yetu wa rufaa! Kwa sheria za wakati ule damu yake ilimfanya ahesabiwe najisi, kwa hiyo alikuja kwa siri, kutoka nyuma, katikati ya umati, kama wanavyokuja wanawake wetu. Bwana angeweza kumwacha aende na uponyaji wake kimyakimya. Hakufanya hivyo. Alisimamisha msafara wote, ingawa alikuwa anakwenda nyumbani kwa mkubwa wa sinagogi, akamtafuta, akamsikiliza habari yake yote mbele ya watu, akamwita binti. Alimponya ugonjwa, kisha akamponya na aibu.

Basi na tuwaulize wale waliomo katika mabenchi yetu wanaosema kwamba saratani hii ni "ugonjwa wa wahuni": mmeipata wapi hukumu ambayo Kristo hakuitoa? Mke mwaminifu asiyemjua mwanaume mwingine ila mume wake huweza kupata kirusi hiki kutoka kwa mumewe, na mume huyo huweza kuwa amekibeba tangu ujana wake pasipo kujua. Anayemtia haya mgonjwa humfunga mdomo, na anayemfunga mdomo humchimbia kaburi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walisahau kutuonya kwamba mara nyingi ni sisi tunaomlazimisha ayafiche.

Turudi pia kwa Msamaria Mwema. Tumemhubiri mara nyingi kama mfano wa moyo laini. Lakini someni tena mlango wa kumi wa Luka, muone alifanya nini. Alimsafisha jeraha: hiyo ni huduma ya kwanza. Alimpandisha juu ya mnyama wake mwenyewe: hiyo ni nauli. Alimpeleka katika nyumba ya wageni: hayo ni malazi. Alimwachia mwenye nyumba dinari mbili: hiyo ni gharama ya kumtunza. Akaahidi kwamba atakaporudi atalipa kilichozidi: huko ni kufuatilia. Kama Msamaria angefanya kama tunavyofanya sisi, angemfunga jeraha, angemwandikia barua ya kwenda Yeriko, akamwacha kando ya njia na barua yake mkononi. Na siku ya mazishi angeleta dinari kumi.

Mafundisho ya Kanisa juu ya jamii yanakwenda mbali zaidi ya huruma. Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliyataja matunzo ya tiba miongoni mwa haki za kila mwanadamu. Mtu haombi haki yake kwa magoti, wala hangoji mfadhili apate nafasi. Hapo ndipo tunapotofautiana na wale wanaodhani kwamba kampeni inatosha. Kampeni huja na hema, na mgeni rasmi, na fulana zenye maandishi. Hupima kwa siku mbili, ikaondoka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Lakini mgeni huyu akiondoka, mwenyeji aliyekutwa na uvimbe hubaki na uvimbe wake, na sasa pia na hofu yake. Kumwambia mtu kwamba ana ugonjwa unaoua, bila kumwonyesha njia anayoweza kweli kuipita, ni kumwongezea mateso. Vyama vya hiari vyaweza kuwasha taa. Haviwezi, na wala havipaswi, kuchukua nafasi ya serikali iliyopokea kodi za mama huyo katika kila kipande cha sabuni alichonunua.

Mwaka 2001, huko Abuja, viongozi wa nchi za Afrika waliahidi kutenga kwa ajili ya afya angalau asilimia 15 ya bajeti za nchi zao. Nchi yetu imekaa chini ya ahadi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mkakati wa kuitokomeza saratani ya mlango wa kizazi, wenye malengo ya kufikiwa ifikapo mwaka 2030: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo bora wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na miaka 45, na asilimia 90 ya waliokutwa na ugonjwa wawe wametibiwa. Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ni maneno mazuri yote. Sisi tunauliza swali la mjane: nani atanipandisha juu ya mnyama wake?

Hata hivyo, tusiinyoshee serikali kidole tukasahau vinavyotugeukia. Tuna makosa yetu.

Kosa la kwanza ni kuyaita mapenzi ya Mungu yale yaliyo mapenzi ya uzembe wetu. Papa Yohane Paulo II, aliyeandika Salvifici Doloris mwaka 1984 juu ya maana ya mateso, aliumaliza waraka ule kwa kumweka mbele yetu Msamaria. Mateso yanayoweza kuondolewa hayatakaswi kwa kuachwa.

Kosa la pili ni uvumi. Katika baadhi ya vigango imesemwa kwamba chanjo ya wasichana ni njama ya kuwafanya wagumba. Tunaelewa hofu hiyo imetoka wapi. Bara letu limetendewa mengi. Lakini hofu si ushahidi. Rwanda, jirani yetu, ilianza kuwachanja wasichana wake nchi nzima mwaka 2011, ya kwanza barani Afrika. Huko Scotland, utafiti uliotolewa mwaka 2024 haukumpata hata mwanamke mmoja mwenye saratani hii miongoni mwa waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13. Na anayesema kwamba chanjo itawafundisha mabinti uasherati, tumjibu kwamba usafi wa moyo hufundishwa na wazazi, katekista na mfano mwema. Haujawahi kufundishwa na kansa. Mzazi anayemnyima binti yake chanjo kwa uvumi alioupata sokoni, akumbuke kwamba deni hilo litalipwa na binti miaka 20 ijayo, pengine mzazi mwenyewe hayupo.

Kosa la tatu ni la wanaume. Ni mume anayeshika fedha ya mavuno, na mara nyingi ndiye anayeamua kama safari ya hospitali ni ya lazima. Mume anayempa mkewe fedha ya sare ya sikukuu na kumnyima ya kupimwa, ajue kwamba sare hiyo yaweza kuwa ya kuzikiwa.

III. TUTENDE

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tunapendekeza mambo matano, na hakuna hata moja linalongoja mfadhili kutoka ng'ambo.

Kwanza, kila parokia ianzishe Mfuko wa Nauli. Desturi yetu ya kuchangiana ni hazina. Tunachoomba ni kuisogeza mbele, kutoka kaburini hadi kituo cha basi. Jumuiya iliyozoea kukusanya rambirambi kwa siku moja inaweza kukusanya nauli kwa siku moja pia. Mfuko uwe na mhazini, kitabu cha hesabu, na taarifa ya kusomwa hadharani kama rambirambi zinavyosomwa, bila kutaja ugonjwa wa mtu. Barua ya rufaa ikitolewa kwa mwanajumuiya, iwe kama tangazo la msiba: watu wakutane jioni hiyo hiyo.

Pili, majimbo na parokia za mijini zifungue milango. Katika miji yenye tiba ya mionzi tuna nyumba za mashirika, kumbi na vyumba vya wageni. Familia za Kikristo za Dar es Salaam na Mwanza zinaweza kumpokea mama mmoja na msindikizaji wake kwa majuma sita. Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ilituita Familia ya Mungu. Familia haimwachi mgonjwa wake alale kwenye baraza la hospitali.

Tatu, zahanati na hospitali za Kanisa ziwe za kwanza kupima kila juma, si siku ya kampeni pekee. Tangu mwaka 1992, Makanisa yalipoweka mkataba na serikali na kuunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, tumejivunia kwamba huduma zetu huwafikia maskini wa vijijini. Basi muuguzi, siki, glavu na kifaa cha kutibu visikose. Na kwa wale ambao ugonjwa umekwisha kuwazidi, tusiwarudishe nyumbani na vidonge vya kichwa. Morfini ya kunywa huondoa maumivu makali, nayo si dawa ya matajiri. Kufa bila kulia kwa maumivu ni sehemu ya hadhi ya mwanadamu.

Nne, WAWATA wawe walinzi wa uzima. Kila mwanamke wa miaka 30 hadi 50, na hasa kila anayeishi na virusi vya UKIMWI hata kama ana umri mdogo zaidi, aulizwe na mwenzake: "Dada, umepimwa?" Waende wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wanafunzi wake. Na mwanamke yeyote anayetokwa na damu baada ya kukoma hedhi, au baada ya tendo la ndoa, au uchafu usio wa kawaida, asikubali vidonge mara ya pili bila kupimwa.

Tano, tudai. Waamini wamo katika kamati za usimamizi wa zahanati, katika serikali za vijiji na katika mabaraza ya madiwani. Waulize kila mwaka, na majibu yaandikwe: Ni fedha kiasi gani imetengwa katika halmashauri yetu kwa ajili ya kupima na kutibu dalili za awali? Ni wauguzi wangapi wamefunzwa? Nani analipa usafiri wa mgonjwa wa saratani asiye na uwezo? Wasichana wangapi wa shule zetu wamechanjwa? Na vyama vya hisani vinavyokuja kupima katika wilaya zetu tuvipokee kwa shukrani, na kwa swali moja kabla hema halijasimamishwa: wale mtakaowakuta na ugonjwa, mmewaandalia njia gani? Chama chema hakitachukizwa na swali hilo. Kitalishukuru, kwa kuwa nacho hulala kikiwaza jambo hilo hilo.

Wapendwa, tangu mwaka 1993 Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani kila tarehe 11 Februari. Tunawapaka wagonjwa mafuta matakatifu, tunawaombea, tunawapa sabuni na sukari. Mwaka huu tuongeze kitu kimoja: bahasha, na juu yake pameandikwa NAULI. Yule mhazini wetu alitunza fedha za wengine kwa uaminifu miaka mingi, na kitabu chake cha hesabu kilikutwa hakina kasoro. Sisi ndio tuliobaki na deni kwake. Hatuwezi tena kumlipa yeye. Lakini katika Jumuiya yako, wiki hii, yuko mwingine mwenye barua ndani ya kitabu cha sala.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika miaka mitano iliyopita, tumewazika wangapi waliokuwa na rufaa ambayo hawakuitumia? Ni nini kilichowazuia?

2. Jumuiya yetu ilikusanya kiasi gani kwa ajili ya rambirambi mwaka jana? Ilikusanya kiasi gani kwa ajili ya matibabu?

3. Ni maneno gani tunayoyasema yanayowafanya wanawake waone haya kueleza maradhi yao? Akina baba waanze kujibu.

4. Zahanati iliyo karibu nasi hupima saratani ya mlango wa kizazi siku zipi? Kama haipimi, nani kati yetu ataipeleka hoja hii kwenye kamati yake, na lini?

5. Someni Mk 5:25-34 na Lk 10:30-37. Katika habari hizi mbili, Jumuiya yetu imesimama mahali pa nani?